Ngoma Iliyovuka Kijito

Ngozi mbichi ya mbuzi iliyolowekwa kwenye maji ya majivu ina harufu inayoingia hadi kwenye ugali. Nilipokuwa binti wa miaka kumi na mmoja, nyumba yetu, huko upande wa Kabambare, ilinuka hivyo kiangazi kizima. Kanisa lilitaka ngoma kubwa ya kuita watu, na baba yangu, aliyekuwa fundi wa ngoma, alichonga moja. Mdogo wake, niliyemwita baba mdogo, akachonga nyingine. Mmoja angekuwa fundi wa kanisa. Mwenzake angerudi kwenye jembe. Baba aliwamba ngozi nene ya beberu, kwa sababu aliipenda sauti yake nzito, yenye heshima. Baba mdogo aliwamba ya mbawala, nyembamba.

Kwetu ngoma haichaguliwi ukiwa karibu nayo. Anayechagua huvuka kijito, hupanda hadi kwenye mashamba ya muhogo na kuwapa wapigaji mgongo, kisha huinua mkono inapolia ile anayoichagua, maana ngoma ya kanisa si ya waliokwisha kufika. Mwalimu wa kwaya alinitaja mimi, kwa kuwa nilikuwa na masikio mazuri. Baba hakupinga. Asubuhi ile alinishika bega. "Sauti ya ngoma yangu unaijua, mama. Unyooshe mukono tu."

Ya kwanza kulia ilikuwa ya baba. Niliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha mzazi wake. Ilifika kijitoni, ikafa. Ya pili ilinipita, ikaenda mbali huko mashambani, na wanawake waliokuwa wakilima wakainua vichwa. Nami nikainua mkono.

Niliporudi walikuwa wanacheka. "Yaya, ngoma yako iko na mafua! Uipatie dawa!" baba mdogo alimwambia kaka yake. "Mutoto yake mwenyewe ameikataa!" akadakia mkewe. Mwalimu akanipigapiga kichwani mbele ya baba, akasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Baba hakunichapa. Aliichana ngozi kwa kisu, akanipa lile gogo tupu niwe nikiloweka muhogo humo. Kila nilipoinama, aliniambia kwa upole, "Piga basi, fundi, tusikie." Hakuniita mama tena. Mama yangu alinifariji kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Labda. Lakini lilikula kila siku, mpaka nilipoondoka.

Sasa nimepita miaka arobaini. Nimeishi Kasongo, Kindu na Uvira, na kila mji naukinai kabla sijawajua majirani. Makanisa yana vipaza sauti. Hakuna mtoto anayetumwa ng'ambo ya kijito kumhukumu baba yake. Baba yangu alifariki bila kuchonga ngoma nyingine. Mara nyingi najirudisha kule kwenye mashamba ya muhogo, nawapa wapigaji mgongo, nasikiliza upya, nikijiapia kwamba safari hii nitaichagua ya kwanza. Inalia, inafika kijitoni, na mkono wangu hauinuki.