Alone ya Mwalimu wa Nkuhungu

Kila neno la Kiingereza, mwalimu wa twisheni ya jioni pale Nkuhungu hulifundisha kwa mwili mzima. Kwenye "run" hutimua mbio hadi mlangoni, vumbi la chaki likimtoka mabegani; kwenye "cough" hukohoa mpaka mwanafunzi wake Hamida, muuza vitenge mwenye asili ya Busi, atake kumletea maji. Juzi walifika kwenye "alone" na "lonely". "Tazameni," akasema, akabeba kiti, chupa ya chai na viazi vyake vya kuchemsha, akaenda kuketi uani. "Hii ndiyo alone!" Hamida akakitazama kiazi kikielekea kinywani, uzalendo ukamshinda. Kwao Busi, mtu haachwi ale peke yake na watu wapo. Akatoka na karanga zake. Darasa zima likamfuata na viti. "Jamani, mmeniharibia alone yangu!" mwalimu akalalamika, huku akiwamenyea viazi. Vicheko vilipotulia, Hamida akauliza, "Na lonely je, mwalimu?" Safari hii hakuigiza. Akajipangusa vidole, kimoja kimoja. "Lonely," akasema, "ni Jumapili, siku msiyokuja."