Upande wa Pili wa Sumaku

Kwa miaka kumi na tisa Mama Utando alitengeneza vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Si uchawi, ni ajira. Aliweka kioo kilichopakwa tabaka la sumaku ndani ya chombo cha chuma, akafyonza hewa yote, kisha akaacha gesi yenye umeme iichape platinamu mpaka chembe zake zitue juu ya kioo: utando mwembamba, unene wa atomi arobaini hivi. Ukiupigia chafya, umeshaiharibu siku yake nzima. Wifi yake, mwenye mdomo usio na breki, aliufupisha utaalamu huo wote kwa watu: "Nani, wifi? Anaosha vioo vya wasomi."

Safari hii wifi alikuwa karibu kukosa la kusema. Daktari, mkuu wa maabara, ambaye kwa umri Mama Utando angeweza kumzaa na kumchapa, alimwahidi kuweka jina lake kwenye ripoti itakayotumwa saa sita mchana. Jina lake kwenye ripoti, kwa mara ya kwanza. Kwa sasa palikuwa na jina la Daktari kwa herufi nene, halafu "na wengine."

"Wengine ndiyo wewe, mama," Daktari alimtuliza. "Nitalijaza baadaye."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila elektroni inajizungusha kama pia ya mtoto. Ukilitikisa lile tabaka la sumaku kwa mawimbi ya redio, linasukuma mizunguko hiyo kuingia kwenye platinamu: elektroni zinazozunguka kulia zinapanda, zinazozunguka kushoto zinashuka, idadi sawa kwa sawa, kwa hiyo umeme hakuna hata wa kumshtua sisimizi. Ila platinamu ina tabia za askari wa barabarani. Anayepanda, anayeshuka, wote inawasukumia kando ileile. Wakishajazana huko, umeme unaonekana kwenye ncha za utando, mikrovolti mbili tatu tu.

Asubuhi hiyo kipimo kilisoma sitini.

"Sitini!" Daktari aliruka mpaka kalamu ikamtoka mfukoni. "Wenzetu wakipata tatu wanaitisha mkutano!"

"Umegeuza sumaku, Daktari?"

"Nigeuze ya nini, mama? Namba si hiyo hapo?"

Ukiigeuza sumaku ile kubwa ya mezani, elektroni zote zinazungukia upande wa pili, na umeme nao sharti ugeuke: chanya iwe hasi. Usipogeuka, huo ni umeme wa kitu kingine. Hilo Mama Utando alilijua. Alijua pia kwamba akifunga mdomo mpaka saa sita, jina lake litakwenda. Kufunga mdomo tu! Kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa bila kupewa onyo hata moja.

Mkono wake ukaigeuza sumaku kabla kichwa hakijamaliza kujadiliana.

Hamsini na sita.

"Unaona? Imepungua nne tu!" Daktari alishangilia. "Imara kama mwamba!"

"Daktari, ilitakiwa iwe hasi."

Mama Utando akaanza kupapasa meza. Bamba la chuma lililoshika ncha moja ya utando lilikuwa na joto, ncha ya pili baridi kabisa. Na nyaya, ukizipasha joto upande mmoja, zinajitolea umeme zenyewe bila kuombwa. Nyuma ya bamba, likitoa mvuke kwa raha zake, lilikaa birika la umeme la Daktari, maana bila chai Daktari hafikiri.

"Hili birika liko hapa tangu lini?"

"Tangu... tangu matokeo yalipoanza kuwa mazuri."

Akalitoa. Wakasubiri bamba lipoe, wakiitazama namba ikishuka: arobaini, ishirini, tisa. Ikatulia kwenye mbili. Akageuza sumaku: hasi mbili. Akairudisha: chanya mbili.

"Mbili," alisema Daktari, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mbili za kweli. Zile hamsini na nane zilikuwa za chai."

Saa tano na nusu Daktari alifuta neno "kubwa" kwenye kichwa cha ripoti. Akaifikiria ile mbili, akawafikiria watakaoihoji, akakuna kidevu. Kisha, kwa ukarimu wa ghafla, akalishusha jina lake mwenyewe mstari wa pili.

"Mama, tuseme ukweli, kazi hii ni yako. Wewe utangulie."

Mama Utando alielewa vizuri sana. Zilipokuwa sitini alikuwa wengine. Zimebaki mbili, amekuwa wa kwanza. Hakubisha.

"Sasa," Daktari akasema, vidole vikielea juu ya vitufe, "jina lako kamili ni nani vile?"

Mama Utando alivuta kiti, akamsogeza kwa kiwiko, akaandika mwenyewe majina yake yote matatu, kisha akaituma ripoti kabla Daktari hajapata wazo jingine.