Watu Wanaowaka Shingoni

Wasomaji wangu, assalamu alaikum. Niwieni radhi kwa mwandiko uliopinda na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima. Lakini jambo hili nimelibeba tangu mwaka jana, na kwa mdomo siliwezi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifua mashuka katika nyumba ya wageni huko Diani. Chini ya kitanda kimoja nilikuta kitabu cha Kiswahili kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo hazikuwepo, wala za mwisho. Mwenye nyumba akaniambia nikichukue. Nikaenda nacho kwetu Msambweni, nikawa nakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kilihusu watu wa dunia nyingine isiyo na jua. Huko mtu akimtamani mwenzake, ngozi ya shingo yake huwaka taratibu, kama kaa linalopulizwa. Anayependa huenda akakaa mbele ya anayempenda, akangoja. Shingo ya yule ikiwaka pia, huingia ndani pamoja. Isipowaka, hunyanyuka akaenda zake, na hakuna anayemcheka. Hakuna awezaye kujilazimisha kuwaka, wala kuuficha mwanga. Kulikuwa na bibi kizee aliyewaka baada ya miaka mingi ya ujane, na wajukuu wake wakamtandikia mkeka mpya. Kulikuwa na wengine wasiowaka maisha yao yote. Hao hawakuitwa wakavu, walikaa na watu kwa heshima zao.

Nilipofika hapo nilikilaza kitabu kifuani. Sikujua kwamba mambo haya yanaweza kuandikwa bila matusi na bila kificho. Mimi nilikuwa nimeyasikia kwa kunong'onezwa tu.

Nilimsomea shangazi yangu, ambaye ni somo wangu, yaani ndiye aliyenifunda mambo ya kike. Alikuwa anakuna nazi.

"Shingoni?" akauliza. "Na akijifunga mtandio?"

"Hawafungi, shangazi."

"Basi huko mume wa mtu hana pa kujificha. Apite tu sokoni, wote wamemwona anawaka!" Akacheka mpaka nazi ikamponyoka. Kisha akaiokota. "Hebu nisomee tena pale pa yule bibi." Shangazi ni mjane.

Baada ya miezi miwili ikaja posa kutoka Jego. Kijana alikuwa mkulima, mtu wa heshima, na nilikuwa nimemwona mara mbili. Sikumchukia. Sikumjua tu. Wazee wakakubaliana, pilau ikapikwa, na baada ya sala ya alasiri baba akaingia chumba cha wanawake kuniomba idhini. Kwetu msichana mwenye haya halazimiki kujibu. Akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa.

Nililijua hilo. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kitabuni, na huko giza ni hapana. Baba alipouliza, "Mwanangu, unaniruhusu nikuoze kwa kijana huyu?" niliinamisha kichwa, nikangoja waone kwamba siwaki. Nilisahau kwamba niko Msambweni. Vigelegele vikapasuka. Mama akalia kwa furaha. Baba akageuka kwenda kuwapa wanaume habari. Hapo ndipo nikakumbuka kimya changu kimesema nini.

"Kaka, ngoja," akasema shangazi. Yeye peke yake hakupiga kigelegele. Akasogea, akaufunua mtandio wangu, akaniangalia shingo kama anayemkagua mtoto surua. "Mimi hapa sioni kitu."

"Huoni nini, wifi?" mama akafoka. "Ana upele?"

"Sioni mwanga."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha wa somo kwa mwari wake. Lakini baba alirudi, akachuchumaa mbele yangu. "Mama yangu," akaniita, kama aniitavyo akinibembeleza, "leo nakuomba unijibu kwa mdomo."

"Bado, baba."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia. Baba akanyanyuka, akatoka. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta akiwaambia wageni neno lile lile, bado, bila kuongeza kitu. Wageni walikula, wakaaga vizuri. Mama hakusema nami siku tatu.

Siku ile, kabla ya kuondoka, yule kijana alisimama mlangoni, akamwamkia shangazi. "Shikamoo, mama. Mwambie sikukasirika. Mimi hata hiyo kuulizwa, sikuulizwa."

Maneno hayo nimelala nayo siku nyingi. Siku hizi huja Ijumaa, akakaa barazani na baba, nami nikakaa pembeni ya shangazi. Tunazungumza habari za mihogo na mvua. Juzi nilijishika shingo nikaikuta ina joto. Huenda ni jua tu.

Kitabu changu kinakatikia pale ambapo msichana mmoja amekaliwa mbele na mtu, na shingo yake bado giza, na yule mtu hajanyanyuka. Kama miongoni mwenu yupo aliyekisoma chote, tafadhali niandikieni mnieleze ilikuwaje. Na kama hamkukisoma, niandikieni vile vile: nyinyi mlijuaje kwamba mmewaka?