Kanda Iliyosubiri Eda Iishe

Tarehe 9 Machi 1998 nilifiwa na mume wangu, hapa Darsait. Moyo ulimsimama anavaa viatu aende kazini.

Alikuwa fundi wa viyoyozi, na alipenda bendi moja ya vijana wa Kiingereza, wapiga magitaa. Kanda yao ya kwanza nyumba nzima tulikuwa tunaijua, hata mama mkwe, aliyekuja kutoka Unguja na hajui Kiingereza. Akipita na sinia husema, "Wanalia nini hawa? Wapeni chakula." Mume wangu alicheka kila mara.

Kanda yao ya pili alikuwa ameshaiagiza dukani Ruwi. Mdogo wake akasoma gazetini kwamba kule kwao haikupokewa vizuri: nyimbo ndefu, uchangamfu umepotea. Wakabishana wiki nzima.

"Kaka, wamekwisha hao!"

"Hujaisikia, nyamaza. Ntakupigia mwenyewe, na radhi utaniomba."

Kanda ilifika mimi nimo edani. Shemeji aliipokea dukani, akampa mama yake mlangoni. Nilimsikia akisema, "Mwambie shemeji sijaifungua." Muziki haupigwi katika nyumba yenye eda, kwa hivyo mama mkwe aliiweka kabatini, ndani ya kopo la udi. Miezi yote ile nilijua ilipo. Nikawa naomba kitu kimoja tu, kitu cha kitoto: iwe nzuri, ili marehemu awe ameshinda.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nguo ya rangi. Mama mkwe mwenyewe akaitoa.

"Haya, mwanangu. Nnataka nami niwasikie hao watu wake."

Ilinuka udi. Shemeji alikaa karibu na mlango, ametazama chini. Tulisikiliza upande wa kwanza wote. Nyimbo mbili nilizipenda. Nyingine zilikuwa nzito, na sauti ya yule kijana mwimbaji wao ilikuwa imechoka. Gazeti halikusema uongo. Nilitaka kusema vingine, nikashindwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi," nikasema.

"Mimi nimeipenda," akasema shemeji. "Kaka alisema kweli. Niwie radhi, kaka."

"Mwongo wewe," mama yake akamwambia, huku anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Hawa safari hii ndio wana njaa hasa."

Tukacheka sote watatu. Kisha nikaigeuza kanda, nikaweka upande wa pili.