Abrafi na Jina la Mjomba Wake

Abrafi si mwanangu wa kumzaa. Ni binti wa Pokuaa, dada yake marehemu mume wangu, na kwetu Waasante, tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, maana yake ni kwamba yeye ni damu ya Ntiamoah kuliko mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote. Sina kinyongo. Nataka tu ijulikane kwamba msichana huyu anayevaa raba ofisini na kula waakye, wali wake wa kunde, juu ya kompyuta ndiye aliyelinda jina letu wiki ile, na kwamba nusu ya wiki hiyo hakuelewa kinachotokea. Mimi, niliyefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu, nilielewa pungufu kuliko yeye.

Mume wangu aliacha ghala la dawa hapa Asafo, Kumasi, na matawi Obuasi, Techiman na Konongo. Tawi likipokea oda ya hospitali, kompyuta yake huituma kwenye mashine moja kubwa hapa Asafo. Mashine huzipanga oda kwenye foleni zikisubiri zamu yao, ili hata umeme ukizimika ghalani oda isipotee. Mume wangu aliipa mashine hiyo jina lake mwenyewe, Ntiamoah. Ndivyo alivyokuwa.

Tatizo lilianza alipofariki. Nguo zetu za msiba hazijafuliwa, Pokuaa akaja ofisini, akamsikia Fiifi, kijana wa Kifante aliye msaidizi wa Abrafi, akipayuka kwenye korido: "Ntiamoah ameanguka tena! Ntiamoah hajibu!" Pokuaa aliketi sakafuni akaanza kilio upya. Yeye ndiye mama mkuu wa ukoo, kwa hiyo siku ya arobaini aliposema jina la marehemu lisichezewe na mafundi, ikawa amri. Abrafi akaipa mashine jina jipya, Adom, yaani neema, akayaagiza matawi yote yaiite hivyo.

Kisha hospitali ya misheni, mteja wetu mkubwa, ikatuarifu kwamba Ijumaa mkaguzi wao atakuja. Oda hubeba majina ya wagonjwa na maradhi yao, na hawakutaka tena zisafiri kama barua isiyo na bahasha. Kila tawi lizungumze na mashine kwa siri, na kabla ya kukabidhi oda lihakikishe kwamba linazungumza na mashine yetu kweli. Tukishindwa, wangehamia kwa mshindani wetu, na ghala lenye jina la mume wangu getini lisingemaliza mwaka.

"Ni kazi ya asubuhi moja, Mama," Abrafi aliniambia Jumatatu. "Cheti cha usalama cha mashine kipo, Mjomba alikilipia kabla hajaugua. Nakiweka na kuwasha tu."

Akawasha. Matawi yote yakanyamaza.

Jumanne nilimkuta ameshika kichwa.

"Kuna nini?"

"Sijui."

"Sijui ya namna gani?"

"Sijui ya sijui, Mama. Tawi linabisha hodi, mashine inafungua, wanasalimiana vizuri, halafu tawi linageuka na kwenda zake. Halisemi sababu. Linasema tu mapatano yameshindikana."

"Kama mama yako kwenye kikao cha posa."

Hakucheka. Alikagua saa za kompyuta za Obuasi, kwa sababu cheti kina mwanzo na mwisho wake. Saa zilikuwa sawa. Akabadilisha nywila. Akayatumia matawi upya ile faili inayowafundisha muhuri wa mtoa vyeti yupi wauamini. Obuasi na Konongo wakaupokea, wakauamini, wakakataa vilevile. Mimi nilikaa pembeni nikijaribu kufuata. Kila nilipodhani nimeshika, nikasema, "Kumbe ni hivi," Abrafi alijibu kwa adabu, "Sivyo hasa, Mama." Jioni aliniambia kwamba hata yeye sasa hajui kama tatizo liko kwenye mashine, kwenye matawi, au kichwani mwake.

Jumatano ikawa mbaya zaidi, kwa sababu Techiman ilikubali. Tawi letu zembe kuliko yote, chini ya Bwana Badu, lilikuwa linatuma oda kwa siri bila tatizo. Abrafi alimpigia simu, akaiweka kwenye spika tusikie wote.

"Bwana Badu, umefanyaje?"

"Nimefanya nini tena? Nimerudi likizo leo, hata kiti hakijapata joto."

"Umebadilisha mipangilio gani?"

"Sijagusa kitu! Faili uliyotuma jana, ndiyo kwanza kijana wa zamu ameiweka asubuhi hii. Yale maagizo yako ya mwezi uliopita, kusema kweli, sijayafanya. Usinisemee kwa Mama."

"Nakusikia, Badu," nilisema.

"Aa, Mama! Habari za nyumbani?"

Abrafi alikuwa amefumba macho. "Bwana Badu, hiyo mashine unaiitaje?"

"Ntiamoah. Kwani niiite shangazi yangu?"

Simu ilikatwa bila kwaheri. Abrafi alinigeukia, akacheka kama mtu anayetaka kulia. Cheti alicholipia mume wangu kiliandikwa Ntiamoah. Obuasi na Konongo walimuulizia Adom, wakaoneshwa cheti cha mtu mwingine, wakakataa, kama walivyofundishwa. Badu peke yake alimuulizia mwenye cheti. Jina la zamani lilikuwa bado linaelekeza kwenye mashine ileile, na hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Tuliipigia kampuni ya Accra inayotoa vyeti. Cheti kipya chenye jina la Adom kingepatikana Jumanne iliyofuata. Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa.

"Dada, tusijisumbue," Fiifi alisema. "Tuwaambie matawi yasiangalie jina. Muhuri wakiukubali, basi. Mkaguzi ataona taa ya kijani, atakunywa soda, ataondoka."

"Ninyi Wafante na taa zenu za kijani," Abrafi alimjibu, lakini hakusema hapana. Nilimwona anapima.

"Jina lisipoangaliwa, nini kinatokea?" niliuliza.

"Yeyote mwenye cheti chenye muhuri uleule anaweza kusimama katikati na kusema yeye ndiye mashine yetu. Matawi yatamkabidhi kila kitu."

"Na magonjwa ya watu?"

"Hayo pia, Mama."

"Basi hapana. Twende kwa mama yako tukaombe jina la zamani."

Alhamisi mchana tulimkuta Pokuaa uani kwake Bantama, akigeuza fufu kwenye kinu huku msichana wake akitwanga. Nilikwenda na chupa ya pombe ya jini, kama ilivyo desturi kwa mwenye ombi, ijapokuwa mimi si wa ukoo ule na sina la kusema mbele yao. Abrafi alieleza. Akaeleza tena.

"Mashine inaulizwa jina na nani?" Pokuaa alisema.

"Na mashine nyingine, Mama."

"Hazifahamiani? Si juzi zilikuwa zinazungumza?"

"Juzi zilikuwa haziulizani."

"Basi msiulizane! Kaka yangu yuko kaburini, nanyi mnataka Fiifi amtukane tena?"

Abrafi alinitazama. Nikaweka chupa chini.

"Wifi, siku ya arobaini mlimkalisha Gyimah, mpwa wa kaka yako, kwenye kiti chake awe mrithi. Mkaniambia nimwite mume wangu. Yule kijana nimemfuta kamasi mimi. Lakini namwita mume wangu, mbele za watu, kila Jumapili. Kama kinywa changu kimeweza, mashine itashindwa nini?"

Msichana aliacha kutwanga. Pokuaa aliosha mkono wake taratibu, akaivuta ile chupa karibu.

"Una mdomo, mke wa kaka," alisema. "Haya. Ni jina la kiti, si la maiti. Lakini nisisikie mtu akisema ameanguka. Wala hajibu."

"Tusemeje basi?" Abrafi aliuliza.

"Kaka yangu alipokuwa hataki kuonana na watu, mlikuwa mnasemaje?"

Jioni ileile matawi yalirudisha jina la zamani, na oda zikaingia.

Ijumaa mkaguzi, mama mmoja mwembamba asiyetabasamu, hakutazama taa yoyote. Alifungua kompyuta yake mwenyewe, yenye cheti chenye muhuri uleule wa Accra lakini kwa jina lake, akaiweka njiani ijifanye mashine yetu, akaambia Obuasi itume oda. Obuasi ikamkataa. Akajaribu Konongo, ikamkataa. Techiman hali kadhalika.

"Wengi huwa wamezima hili," alisema, akasaini.

Fiifi alitazama viatu vyake.

Mkaguzi alikuwa bado getini, chini ya kibao chenye jina letu, simu ya Konongo ilipoita: mashine haipatikani. Umeme wa chumba cha nyuma, inamokaa mashine, ulikuwa umekatika. Fiifi alichungulia kwenye korido, akaniona, akanyoosha shati.

"Dada Abrafi," aliita kwa heshima zote, "Mzee yuko kwenye kikao."