Tope Nililolipanga kama Samaki

Mwanangu, siku ile ya tope naikumbuka vizuri, na haya kidogo bado ninayo. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Gisenyi, kando ya ziwa letu. Nilikuwa kijana mwenye mke mpya na kiburi kingi. Nilikuwa nimeacha kuuza samaki sokoni na mama, nikapata kazi kwenye boti ya Mzungu mmoja mpimaji wa miamba. Aliyenidhamini ni nahodha wetu, Mzee Saidi wa Mbugangari.

Tulishusha bomba refu la chuma hadi chini ya ziwa, tukalipandisha limejaa tope. Ufukweni tope lilisukumwa taratibu kutoka bombani, likalala juu ya ubao, mstari mweusi, mstari wa kijivu. Mpimaji alitueleza kuwa weusi ule ni mabaki ya vijimea na vijidudu vya ziwani. Yakifukiwa kwa zama nyingi mno, tope hugeuka jiwe, na joto la ardhini huyapika yakawa mafuta na gesi.

Asubuhi moja, kabla mpimaji hajaja kulitazama, nikajikwaa, nikauangusha ubao, tope likakatika vipande. Hakuna aliyeniona. Basi nikavipanga kama nilivyozoea kupanga samaki sokoni, aina kwa aina: vyeusi huku, vya kijivu kule. Ubao ulipendeza, usiniulize!

Mpimaji alipouona weusi ule mnene aliruka kwa furaha. Akachukua karatasi aandike kwao kwamba chini ya ziwa kuna utajiri wa ajabu, mitambo ya kuchimba iletwe upesi. 

Mzee Saidi akanivuta kando. "We, tope hii mi niliiona ikitoka kwa bomba. Ilikuwa mistari-mistari. Nani alipanga hivi?"

"Ni mimi, Mzee. Ilianguka. Nikisema, atanifukuza."

"Bon, sawa, akufukuze! Ya chini ni ya zamani, ya juu ni ya juzi. We umechanganya babu na mujukuu! Mficha uchi hazai. Enda sema."

Nikaenda, nikasema. Mpimaji akawa mwekundu, akaichana karatasi, akanitukana kwa Kifaransa mpaka akachoka. Kisha akasema, "Kesho iko kurudi ziwa. Na we utashika bomba."

Kesho yake mistari myeusi ilikuwa myembamba kama ukucha, naye akaandika hivyo hivyo, myembamba. Tope letu lilikuwa changa bado. Gesi tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya maji yenyewe, kule kwenye kina. Tangu siku ile, ubao haukuguswa na mtu mwingine ila mimi.

Leo nyinyi mmesoma, mnavuta gesi ya ziwa hili, nami najivunia sana. Lakini nisikilize. Ardhi haina haraka wala haina uongo; uongo tunauleta sisi. Ukivunja kitu, sema kimevunjika kabla hujakipamba, kwa sababu ukishakipamba watu watakipenda, na hapo ndipo kusema kunakuwa kugumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona mambo yalivyo, na ulimi mwepesi wa kusema: ni mimi.