Posa Yangu Ilienda kwa Nyumba ya Zamani

Mutu akikuambia ndugu yake iko na akili nyingi, mumuonee huruma. Mimi niko na wangu, anaitwa Mathe, na akili yake karibu ininyanganye bwana mbele hata ya kumupata.

Tangu baba alikufa, yaya Mathe, kaka yangu, njo mukubwa wa nyumba. Donc yeye njo anapokea bageni, yeye njo anasindikiza bageni, na kila Siku ya Mungu baada ya misa yeye njo ananiuliza juu ya nini sijaolewa. Kazi yake ni ordinateur. Haiko kuuza crédit ya simu, haiko kuchapisha mitihani ya batoto kama bale bengine ba Mususa, mutaa yetu. Yeye anaandika noyau. Noyau ni ile sehemu ya ndani kabisa ya machine, yenye kuamuru programme zingine zote, na mutu hawezi kuiona hata siku moja. Maman alizoea kuambia majirani kama mutoto wake anatumikia kitu chenye hakionekane, na majirani balifikiri ni padri.

Noyau yake ilikuwa inatumika ku radio moja ya Beni, jina nitaacha. Mwaka huu, ile radio ikashikwa na wazimu. Mutangazaji anapiga tangazo ya kifo, "familia inasikitika kuwajulisha," na katikati ya masikitiko, pa! gitare ya kuchezea inaingia. Mama mujane moja alisikia jina ya bwana yake, kiisha sauti ya mwanaume inalia "Shuka chini, shuka chini!" Bandugu ba marehemu balienda ku radio na fimbo. Directeur akamupigia Mathe simu, na Mathe akaacha kula.

"Hadassa," akaniambia, mimi niko nachagua maharagwe, "kila programme inafikiri iko na nyumba yake na numero yake. Mais ile numero haiko nyumba ya kweli. Kuko carte moja kubwa, kama ramani, yenye kuonyesha: numero hii, nyumba ya kweli iko fasi hii."

"Na mimi maharagwe yangu iko fasi hii. Toa mukono."

"Ngoja kwanza! Kufungua ile carte kila mara ni kuchelewa. Donc kila processeur, ule mufanyakazi wa machine, na ile machine iko nazo ine, inaandika kwa kikaratasi na inatia mufukoni. Sasa ukihamisha programme, unabadilisha carte. Kile kikaratasi cha mufukoni je?"

"Kinabaki na habari ya zamani."

"Voilà! Unaona, na haukusoma! Donc lazima upigie kila processeur kelele: tupa kikaratasi! Na ungoje kila moja ijibu: nimetupa. Zikiwa hazijajibu zote, ole wako upatie mwengine ile nyumba ya zamani. Juu yenye haijasikia itaendelea kupeleka bitu kule, na itaandika bitu ya huyu ndani ya nyumba ya yule."

"Na wewe ulingojea zote?"

Akacheka. Mungu wangu, kile kicheko cha mutu wa akili! Akasema zenye ziko macho, anangojea. Yenye imelala, haisumbui. Ya nini kuamusha processeur juu ya kikaratasi, na umeme ya Beni munaijua vile iko? Itaambiwa ikiamuka. Ile njo ilikuwa hila yake mwenyewe, na aliipenda kama mutoto. Alitafuta kosa mwezi muzima, akatafuta fasi zote, mais pale hakuangalia hata.

Ni ule mwezi tulihama. Tukatoka Mususa, tukaenda Vulamba, kwa nyumba yenye ukuta ya kweli. Sasa, huku kwetu hakuna mutu anajua numero ya parcelle, ile kiwanja ya nyumba. Unafika ku parking ya bamotard, benye kubeba batu na moto, ile pikipiki, unasema "nipeleke kwa fulani," na motard anakupeleka, juu nyumba yako iko ndani ya kichwa yake. Ku parking ya kuingilia muji kutoka Lubero, bamotard bane njo balikuwa banajua kwa Mathe wa ordinateur.

"Bane!" Mathe akapiga mikono. "Sawa na machine yangu!"

Akaenda ku parking na cahier ya kuandikia. Akasimama mbele ya kila motard, akamuambia tumehama, na akakataa kuondoka mpaka mutu aseme kwa mudomo yake "nimefuta." Bakacheka mpaka kukalia chini. Paulin, ule mwenye casque, kofia ya moto, ya rangi ya machungwa, akamujibu, "Nimefuta, chef. Hata jina yako nimefuta." Mathe akaandika, mwenye furaha kabisa. Batatu balijibu. Wa ine, Muhindo, hakukuwa pale. Bibi yake alikuwa amezaa ku Beni, na yeye alienda kuona mutoto.

"Si tungoje Muhindo arudi, kiisha tutoe funguo?" nikamuuliza, juu siku ile ile alitaka kupatia mupangaji mupya nyumba ya Mususa.

"Motard hayuko ku kazi, atabeba nani? Tutamuambia akirudi."

Mimi nikarudi kupanga sufuria. Hadi leo ninajipiga kofi juu sikushikilia. Akatoa funguo kwa Maman Virginie, mujane wa heshima, mwenye binti moja, Rébecca.

Sasa kuhusu Josaphat. Josaphat analima poireaux, ile kitunguu ya majani marefu, na viazi kule Masereka, na mimi ninauza mboga ku soko. Miaka mbili ananiletea poireaux zenye kuoshwa, na hakuna mukulima anaosha poireaux juu ya biashara. Mutu mupole, anasema kidogo, masikio yake inakuwa nyekundu akiniona. Nilimutaka. Nasema wazi, nilimutaka sana, na baba mukubwa wake alikubali kuleta posa jumamosi ile.

Munajua vile tunafanya. Bwana arusi anabaki kwao, anangoja habari. Bazee njo banaenda na mbuzi na kitenge ya binti. Na siku ya kwanza jina ya binti haitajwe hata kidogo! Ni haya. Bazee banasema tu, "Tumeona ua muzuri ndani ya lupango yenu," na benyewe ba lupango, ile boma ya nyumba, banajibu, "Ua iko." Mzee Kahongya, ule baba mukubwa, hajawahi kuniona na macho. Anashika desturi kuliko askofu, na simu anaona ni kitu ya kudanganya.

Bakashuka kutoka Masereka na camionnette, mbuzi nyuma. Ku parking Kahongya akauliza nani atabaongoza mpaka kwa Mathe wa ordinateur. Na nani alikuwa wa kwanza ku mulolongo, ametoka Beni asubuhi ile ile, anatabasamu juu ya mutoto wake, na bado hakuna mutu alimusemesha?

"Kwa Mathe? Mimi mwenyewe! Munifuate!"

Sisi ku Vulamba tuko tunangoja. Kuku imeiva, kuku imepoa. Maman ameshapanguza viti mara tatu. Saa saba simu yangu ikalia, ni Josaphat, anasema mbio.

"Hadassa! Kijana mwenye balienda naye ameniambia yote. Banasema umepiga magoti vizuri sana. Banasema umekubali! Wasingya, wasingya, asante sana, nilikuwa naogopa utakataa."

"Nimekubali," nikasema. "Mais haikukuwa mimi."

Nikamuambia apande moto ya kwanza, ashuke Mususa. Mathe na mimi tukarukia moto ya Paulin, mimi na kanzu yangu ya posa, nikimupiga ndugu yangu mugongo njia yote.

Lupango yetu ya zamani ilikuwa imejaa nyimbo. Mbuzi zimefungwa ku muti ya avoka ya maman. Moja haikukuwa tena na kichwa, ilikuwa ndani ya sufuria. Rébecca amekaa ku mukeka, ameinamisha macho, amefungwa kitenge yangu. Maman Virginie analia kwa furaha: alikuwa amemaliza novena, sala ya siku tisa ya kuombea binti bwana, siku ile ile. Mutu akimaliza novena na mbuzi zikaingia ku mulango, munataka aulize zinatoka wapi?

"Nani alibaleta hapa?" Mathe akapiga kelele.

Muhindo, ku kona na chupa ya Fanta, akainua kidole.

Na ndugu yangu, badala ya kulia, akaruka juu! "Ni Muhindo! Ni processeur ya ine! Ililala, ikaamuka, na hakuna mutu aliiuliza kama kikaratasi ni cha zamani!" Akamukumbatia Muhindo, akaketi chini kati ya mbuzi, akatoa cahier, akaanza kuandika. Kila yenye kuamuka, anasema, mbele ya kufanya kazi yoyote, iangalie kwanza kama carte ilibadilika! Arusi yangu inakufa, na yeye anafurahi. Nikamunyanganya kalamu, nikaitupa ndani ya sufuria.

Mzee Kahongya hakusimama hata. "Tuliomba ua ya lupango hii," akasema. "Lupango imejibu, ua iko. Mbuzi imekatwa. Hakuna kurudi nyuma."

Mathe akafungua cahier mbele yake, akamueleza carte, bikaratasi, na nyumba ya zamani kupewa mwengine mapema. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, anatafuna.

"Kumbe hata machine ni mujinga," akasema. "Mais nani alitoa funguo?"

Mathe akapiga magoti mbele ya mzee, na suruali yake ya posa, ndani ya mavi ya mbuzi. "Ni mimi," akasema. "Sikungoja. Munihukumu mimi. Dada yangu, hapana."

Mzee akasema atangoja Josaphat, basi. Mimi sikuamini tena motard yoyote. Nikaenda kusimama barabarani, katikati kabisa, magari zinanipigia klaxon na mimi ninazitukana. Saa tisa na nusu akafika, vumbi mpaka ndani ya masikio. Hakuuliza njia. Aliniona, akashuka moto ikiwa haijasimama, karibu aanguke.

Tukaingia pamoja. "Ua ni hii," akaambia mzee, na hakusema zaidi. Mzee akaniangalia chini juu, akaangalia sufuria, akapumua. "Sawa. Jumamosi inayokuja tutarudia kwa nyumba ya kweli. Mais mbuzi ya sufuria tunamaliza."

Batu bakacheka. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa Rébecca kuchukua kitenge yangu. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya, ya kumupatisha haya mbele ya bote. Alikuwa ameshaifungua, anaikunja polepole, kona kwa kona.

"Nilijua," akasema, sauti ya chini. "Tangu baliponiuliza kama poireaux zangu ziko muzuri. Sijawahi kuuza poireaux. Mais, dada, niko na miaka makumi tatu na moja, na hakuna mutu alishawahi kufika kwetu kuuliza."

Ku mulango ya jikoni, fasi hakusikia maneno yetu juu ya nyimbo, Maman Virginie alikuwa anaendelea kugawa nyama, anaimba bado, juu hakuna mutu alikuwa na roho ya kumuambia. Nikachukua ile kitenge mukononi mwa Rébecca, nikaifungua, nikamufunga tena kiunoni, nikakaza fundo.

"Vaa," nikamuambia. "Na unyamaze kabla nibadilishe mawazo."